Kuna Mvumi Mbili, Wakubwa

Nina ugomvi na watu wa kilimo janja. Nawasema wale wanaosimama kwenye kumbi za hoteli Dar es Salaam na kututangazia kwamba mkulima wa Tanzania sasa mambo yake yote yapo kiganjani: hali ya hewa, bei ya soko, ushauri wa mbolea, mkopo, bima, vyote kwenye simu. Uzinduzi wa namna hii nimehudhuria mwingi mno, maana mhariri wangu akiona neno "kidijitali" kwenye mwaliko ananitazama mimi, kijana wa chumba cha habari. Unakula sambusa, unapewa fulana na kalamu, unasikiliza hotuba, unarudi kuandika aya sita. Swali langu huwa ni moja na nikiliuliza naonekana mkorofi. Hii programu imeandikwa na nani, ameketi wapi, na siku ikiharibika nani ana ruhusa ya kuifungua?

"Tunao washirika wa kimataifa," ndilo jibu. Makofi.

Ukichimba unakuta hivi. Mfadhili au taasisi imetangaza tenda. Kampuni ya hapa mjini, yenye mapokezi mazuri na maua ya plastiki, imeshinda. Kampuni hiyo haina watu wa kuandika programu, au inao wawili waliochoka. Inachukua chake, kazi yenyewe inaipeleka India au Ulaya Mashariki, kwa kampuni ambayo nayo pengine imewapa vijana wengine wa mkataba. Kati ya yule anayeandika na yule anayelima kuna watu wanne, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kushika jembe kwa nia ya kula. Kwa Kiswahili chetu cha Kariakoo huyo wa katikati anaitwa dalali. Huku kwenye teknolojia anaitwa mshirika.

Sina neno na vijana wa Bangalore, jamani. Wanafanya kazi waliyopewa kwa karatasi waliyopewa. Hata Marekani inawatumia, na ni mafundi hasa. Ugomvi wangu ni na sisi tunaowapa karatasi yenyewe. Tunapeleka nje kazi ya kuandika programu, sawa, hiyo inaweza kuwa biashara. Ila tumepeleka pamoja nayo na kazi ya kujua, yaani kujua shamba ni nini, mvua ni ipi, gunia ni kilo ngapi, Mvumi iko wapi. Hayo hayauzwi Bangalore, na aliyekuuzia kakupiga.

Nimetaja Mvumi kwa sababu.

Aprili mwaka jana kazi ilinipeleka Mvumi ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Kwa msiopajua: unatoka Morogoro mjini kwa barabara ya Dodoma, unapita Wami-Sokoine, pale alipofia Edward Sokoine mwaka 1984, unapita Dakawa, unafika Dumila na kukata kushoto kama unakwenda Kilosa mjini. Ni nchi ya mpunga na mahindi. Kuna skimu ya umwagiliaji, kuna majaruba, na masika ikikolea kuna matope ya kukuvua viatu. Ipo Mvumi nyingine, Dodoma, wilaya ya Chamwino, ile yenye hospitali ya misheni ambayo wengi mmeisikia. Huko ni Ugogoni, kwenye mtama na uwele, na mvua zao ni za msimu mmoja zinazoanza Desemba hivi na kuishia Aprili. Kaskazini ya Kilosa kuna vuli na kuna masika, na Aprili ndio masika yenyewe imesimama.

Nikamkuta mama mmoja kwenye jaruba lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwandishi? Basi na hili uliandike."

Akatoa simu kutoka kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kiunoni, kitochi cha kawaida kile tunachokiita kiswaswadu. Meseji ya mradi wa kilimo janja iliyoingia asubuhi ile ilimwambia kwamba mvua za msimu zinaelekea ukingoni, na wakulima wa mtama na uwele waanze maandalizi ya kuvuna na kukausha. Mama huyu amesimama maji ya magoti. Juu yetu wingu jeusi limejaa hadi milimani.

"Mimi uwele nimeulima wapi?" akaniuliza, kana kwamba ndiye mimi niliyeituma. Majirani zake kwenye majaruba ya pili wakatoa simu zao. Meseji ile ile.

Nikapiga namba ya huduma kwa mteja iliyokuwa chini ya meseji. Kijana mpole sana wa Dar akasikiliza, akasema tatizo hilo wanalifahamu na wameshafungua tiketi kwa watu wa programu walioko nje. Simu ilikuwa kwenye spika, mama akasikia.

"Tiketi ya kwenda wapi?"

Tulicheka wote, na kijana wa huduma alicheka pia, maskini. Jina la mradi nalihifadhi, kwa sababu wako wengi wa namna hiyo na sitaki mmoja atolewe kafara ili wengine walale usingizi. Lakini nilifuatilia, na mtu wa ndani akanieleza kilichotokea. Aliyejenga mfumo aliletewa orodha ya kata za Tanzania kwenye jedwali. Akazitambulisha kwa majina. Alipokutana na Mvumi mara mbili, mashine ikaona ni marudio na ikayaunganisha. Ya Dodoma ikameza ya Kilosa.

Wasomaji wangu wa kompyuta hapo mmeshika vichwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina namba kwa kila mkoa, kila wilaya na kila kata. Kila kata ina postikodi yake ya tarakimu tano. Yaani kazi ya kutofautisha Mvumi na Mvumi ilishafanywa na Serikali, ipo bure, na mtu yeyote aliyewahi kujaza fomu Tanzania anajua kuna Magole zaidi ya moja, Msowero zaidi ya moja, na kina Majengo, Azimio na Uhuru wasiohesabika. Huhitaji shahada kulijua hilo, unahitaji tu kuwa umekulia hapa. Marekebisho yenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Ila kwenye mkataba saa za matengenezo zilikuwa zimekwisha, kila badiliko jipya linalipiwa kwa dola, linahitaji saini ya mfadhili, na vijana walioandika wameshahamishiwa kazi nyingine. Dar hakuna aliyekuwa na maandishi yenyewe ya programu. Walikuwa na jina la kuingilia na nywila. Mara ya mwisho nilipoulizia, masika ilikuwa imekwisha na tiketi bado iko wazi.

Mtu ataniambia meseji moja si kitu, mama ana macho, anaona wingu. Ni kweli, na ndicho kinachoniuma. Mama aliidharau, na siku ikija meseji ya kweli ataidharau pia. Kilosa si mahali pa kuzoesha watu kudharau taarifa za mvua. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalibomoa Kilosa, watu kwa maelfu wakalala kwenye mahema. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila, daraja likachukuliwa na barabara ya Morogoro–Dodoma ikakatika. Hapo ni jirani kabisa na majaruba ninayoyasema. Mfumo wa kumfikishia mkulima taarifa ya maji yanayokuja ungekuwa na thamani kuliko fulana zote za uzinduzi, kwa sharti kwamba unajua anakaa wapi.

Halafu kuna Kiswahili. Meseji nyingine aliyonionyesha yule mama ilimkumbusha "kupalilia mchele wako". Soma tena. Mchele! Kiingereza kina neno moja kwa kitu kilichoko shambani, kilichoko gunia na kilichoko sahani. Sisi tuna mpunga, mchele na wali, na mtoto wa darasa la pili hawezi kuvichanganya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyotafsiriwa na watu waliokaa na kubishana neno kwa neno. Zaidi ya miaka 20 baadaye mkulima wa Kilosa anaambiwa apalilie mchele kwa sababu aliyepewa kazi hiyo ni mashine, na hakuna aliyelipwa hata elfu tano kuisoma kabla ya kutumwa.

Unaweza kucheka hapo. Kwenye vipimo usicheke, maana vipimo vinageuka fedha. Mifumo ya sasa inajenga historia ya mkulima ili benki imkopeshe: kalima ekari ngapi, kavuna kiasi gani, kauza wapi. Aliyeandika programu kaambiwa gunia ni kilo 100, akaandika 100, akaenda chai. Gunia la mpunga si gunia la mahindi, mpunga una maganda, ujazo ule ule uzito pungufu. Na gunia la lumbesa lina kichwa cha kushonewa juu, ambacho ndicho wizi wenyewe tuliopigia kelele miaka nenda rudi. Mkulima akijaza "magunia 20", ni 20 ya nini? Ekari yake kaipima kwa hatua 70 kwa 70, za miguu yake mwenyewe. Shamba ni la kukodi msimu mmoja, simu ni ya mume, anayelima ni mke. Programu ina nafasi moja tu ya kuandika "mmiliki". Ukiijaza umeshadanganya, na kompyuta ikishadanganywa inauchukua uongo ule kama rekodi safi na kumnyima mtu mkopo.

Hapo sijafika kwenye ramani, na hapa naomba tuwe na utulivu kidogo.

Kilimo janja kinapenda ramani. Mtu anazunguka shamba na simu, mstari unachorwa, setelaiti inapita juu, kompyuta inapaka rangi: hili linalimwa, hili halilimwi. Kwenye ukumbi wa hoteli inapendeza sana. Sasa ipeleke Kilosa. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, barabara ile ile ya Dumila–Kilosa, waliuawa watu 38 katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mgogoro wa mipaka ya kijiji cha Mabwegere umeingia magazetini na mahakamani mara ngapi, hesabu mwenyewe. Setelaiti inaona kijani. Haijui kama kijani kile ni shamba lililopumzishwa, malisho ya kiangazi, njia ya ng'ombe kwenda mtoni, au eneo ambalo wazee wa pande mbili walikubaliana liachwe wazi ili watu wasichinjane. Kijana aliyeketi mbali na pale, mwenye siku tatu za kumaliza kazi, anaandika mstari mmoja wa amri kwamba pasipolimwa miaka miwili ni "ardhi isiyotumika". Kesho kutwa ripoti inachapishwa na ramani ya rangi nzuri, mwekezaji anaiona, mwanasiasa anaiona. Mimi nimeripoti migogoro ya ardhi, najua karatasi yenye mhuri inavyofanya kazi kijijini. Ramani ya kompyuta ina nguvu kuliko mhuri, kwa sababu hakuna wa kubishana nayo.

Sasa nije kwa wanaosema tunapeleka nje kwa sababu ndani hakuna uwezo. Hoja hii ningeiheshimu kama Serikali yenyewe isingekuwa imeshaijibu. Malipo ya Serikali, yale ya namba ya kumbukumbu tunayolipia kila kitu siku hizi, yanapita kwenye GePG, mfumo uliojengwa na wataalamu wa ndani na kuanza kazi 2017. Fedha za Serikali zilikuwa zikiendeshwa kwa EPICOR, bidhaa ya nje, zikahamia MUSE iliyojengwa hapa hapa. Zabuni zilikuwa kwenye TANePS, iliyojengwa na kampuni ya European Dynamics ya Ugiriki. Mwaka 2023 tukahamia NeST, kazi ya Watanzania. Serikali iligundua kwamba ukitaka kubadilisha kanuni ya ununuzi na funguo ziko Athens, kanuni yako inasubiri Athens. Kama waliweza kulielewa hilo kwenye zabuni za madawati na matairi, inashindikana vipi kulielewa kwenye chakula?

Na kwenye chakula mifumo imeshaingia kwenye mshipa. Tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku inapitia uandikishaji: mkulima anaandikishwa, anapata namba, na namba ndiyo iliyompa mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea kwa 70,000 msimu ule badala ya bei ya soko iliyokuwa imepaa kupita laki. Vilio vya mtandao na foleni vya msimu ule wa kwanza tuliviandika sote magazetini. Fundisho lake ni rahisi. Mfumo ukilala wiki mbili za kupandia, mbolea inakuwa pambo, maana mahindi hayasubiri tiketi. Ndio maana nashangaa mtu anapojenga jambo zito namna hii huku fundi wake yuko saa nyingi za ndege kutoka jarubani, na mkataba unamruhusu kujibu "ndani ya siku 30 za kazi".

Uwezo upo karibu kiasi cha kutia aibu. Kutoka Mvumi hadi Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni safari ya asubuhi kwa basi. SUA wanafundisha kilimo na wanafundisha shahada ya Informatiki, chuo kimoja, kantini moja. Watu wa SUA mwanzoni mwa miaka ya 2010 walijenga mfumo wa ushauri kwa wakulima kwa wavuti na simu, na sehemu waliyoufanyia kazi ni wilaya hii hii ya Kilosa, wakiutumia pamoja na redio ya jamii ya Kilosa, kwa sababu waliofika kijijini waliona kwamba redio inasikilizwa jikoni na simu inakaa na baba. Hapo hapo SUA, chini ya SACIDS, ilizaliwa AfyaData, programu ya kuripoti magonjwa ya watu na mifugo kutoka vijijini, ikatumika hadi nje ya mipaka yetu. Nani kati ya wanaotoa tenda anawapigia simu? Wahitimu wa Informatiki wa Morogoro ninaowajua mimi wanauza vocha, wanatengeneza kadi za harusi na kurekebisha printa za halmashauri.

Tena msinione mtu wa kufunga mipaka, nina mfano wa wageni pia. Programu ya Nuru, ile inayotambua magonjwa ya mihogo kwa kamera ya simu, ina mkono wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA. Picha za mwanzo zilizofundishia mashine zaidi ya 2,000 zilipigwa kwenye mashamba ya mihogo ukanda wa pwani karibu na Bagamoyo, na waliosema hili ni batobato, hili ni michirizi kahawia, walikuwa wataalamu wa mihogo waliosimama kwenye mihogo. Inaongea Kiswahili na inafanya kazi pasipo na mtandao. Bagamoyo hiyo hiyo, kuanzia 2011, wakulima wa Chambezi walikuwa na mradi wa Sauti ya Wakulima: simu chache za kupokezana, kila mtu anapiga picha na kurekodi sauti, akiuliza na kujibu mwenyewe. Programu ilirekebishwa na mtu wa nje, Eugenio Tisselli wa Mexico, lakini alikuja, akakaa nao, wakamwambia wanachotaka. Fundi anaweza kuwa wa popote. Mwenye shamba akiwa chumbani wakati fundi anapima, nyumba inakaa.

Ukienda mbele kutoka Mvumi, karibu na Kilosa mjini, kuna kituo cha utafiti cha Ilonga, siku hizi TARI Ilonga. Mahindi ya Kilima na Staha ya miaka ya 1980, na TMV-1 iliyofuata, yametokana na kazi ya pale. Kwa nini hatukuagiza mbegu zichaguliwe kwenye maabara ya mbali na kuletewa kwa barua? Kwa sababu kila mtu anaelewa mbegu lazima ijaribiwe kwenye udongo huu, mvua hii, wadudu hawa, msimu baada ya msimu, kabla hujamuuzia mtu. Mbegu ina kamati, ina majaribio, ina cheti. Programu inayomwambia mkulima lini apande mbegu hiyo hiyo haina chochote. Inazinduliwa Jumatano na Alhamisi iko kwenye simu za watu.

Najua kuna watakaonirukia: vijana wetu nao wababaishaji. Nawajua, nimesoma nao, nimepanga nao chumba Sinza. Ukimpa nusu ya fedha anabadilisha simu na namba. Anakwambia "bado kidogo tu" miezi minne. Anaiga kazi ya mtandaoni na kusahau kufuta jina la mwenye nayo. Yote kweli. Ila na sisi tumewafanyia nini? Mhitimu wa Morogoro anapewa kazi ya laki tatu isiyo na mkataba, kampuni ya nje inapewa mkataba wa dola wenye kurasa sitini, halafu tunalinganisha matokeo. Mpe yeye kurasa sitini na malipo ya hatua kwa hatua, uone kama hatakesha. Na angalia kinachoendelea kwa jirani. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola mbili kwa saa kuchambua maandishi machafu ili mashine ya OpenAI ijifunze adabu. Afrika Mashariki tunapokea kutoka nje kazi ya kuzoa taka na kupeleka nje kazi ya kufikiri, na kote kuwili dalali analipwa.

Kwa hiyo mimi sisemi msiwape watu wa nje. Nasema mkataba wowote wa programu ya kilimo unaolipwa kwa kodi yetu au kwa jina letu uwe na mambo ambayo fundi wa nyumba anayajua. Msimbo, yale maandishi yenyewe ya programu, ukabidhiwe hapa nchini kila hatua ya malipo, na malipo ya mwisho yasubiri timu ya hapa iweze kuujenga na kuuwasha yenyewe bila kupiga simu nje. Awepo mtu Morogoro, mwenye jina na mshahara, anayeruhusiwa kurekebisha kosa siku hiyo hiyo. Data za wakulima zishughulikiwe kama data za watu: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Nimewauliza wasimamizi watatu wa miradi seva zao ziko wapi. Mmoja alisema "kwenye wingu". Nikamwambia wingu la Mvumi nimeliona, lilikuwa juu yetu. Hakucheka.

Na kabla ya uzinduzi wakae msimu mzima na wakulima thelathini, wa jarubani, wa mlimani, wa kukodi, na wafugaji nao wawemo, na wakulima hao walipwe posho kama tunavyolipwa sisi waandishi kuja kula sambusa. Wao ndio wakaguzi.

Nane Nane ijayo nitakuwa Morogoro, uwanja wa Mwalimu Nyerere, na kama nawe utafika, pita kwenye mabanda ya kilimo janja. Watakuwepo vijana wenye fulana na vishikwambi. Usiwaulize programu inafanya nini, hilo watakwambia bila kuulizwa. Mwombe atafute Mvumi, kisha umuulize ni ipi.